Fundi wa Maji Mengi

Kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyebatizwa katika kanisa lile la Wabaptisti bila maji yake kupita kwanza mikononi mwa Mzee Koki. Jina hilo walimpa wanakwaya, naye alilipokea bila kinyongo, kwa kuwa alikuwa fundi bomba na mfuko wake wa spana hakuuacha hata siku ya harusi ya bintiye. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe alizoea kusema kwamba aliolewa na mtu aliyemposa kwa kukohoa.

Birika la ubatizo lilikuwa nyuma ya mimbari, limefunikwa kwa mbao za jukwaa. Kila Jumamosi ya kuamkia ubatizo Mzee Koki alifika asubuhi, akaziinua mbao moja moja, akashuka ngazi nne, akasugua vigae mpaka ving'ae, kisha akafungulia maji. Birika lilichukua saa tano kujaa. Muda wote huo alikaa benchi la mbele akisikiliza yanavyopanda.

Jambo moja lilikuwa likiwashangaza wageni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzama humo. Mkewe alikuwa mshirika wa kanisa, na watoto wao watatu wote walikiri imani yao na kubatizwa mbele ya macho yake. Yeye alibatizwa akiwa mchanga, katika kanisa la mama yake, kwa maji ya kiganja kimoja. Wabaptisti hawauhesabu ubatizo wa namna hiyo. Kwao, anayebatizwa ni yule aliyeamini na akasema kwa kinywa chake mwenyewe, naye huzamishwa mwili mzima, kama anayezikwa na kufufuka. Kwa hiyo Mzee Koki alibaki mgeni wa miaka ishirini na sita. Sinia la Meza ya Bwana likimfikia, alimpitishia jirani. Washirika wakipiga kura, alitoka nje.

Watu walimtania kwamba kinyozi hajinyoi. Wachungaji watatu, mmoja baada ya mwingine, walimfundisha, wakamwombea, wakamsubiri. Naye kila mmoja alimjibu lile lile: akizamishwa, atakuwa amemwambia mama yake kwamba alichomtendea hakikuwa kitu. Mchungaji wa tatu, kijana mwenye subira, aliacha kumsukuma, wakawa wanaongea habari za mabomba.

Mwaka mmoja birika likaanza kuvuja. Maji yalipenya chini ya ukuta hadi chumba cha watoto, na kamati ya majengo ikaja na pendekezo: lijazwe zege, jukwaa lipanuliwe kwa ajili ya kwaya, na watu wabatizwe kwenye bwawa la hoteli moja ya jirani. Katika kanisa lile jambo kama hilo haliamuliwi na mchungaji wala kamati. Huamuliwa na washirika wote, na kura ya mchungaji ina uzito ule ule wa kura ya mfagiaji. Mkutano ukaitwa Jumapili baada ya ibada.

Mjadala ulirefuka. Mwishowe mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyebatizwa humo akiwa msichana, akauliza kwa nini wanabishana kuhusu bomba na fundi ameketi pale pale. Mwenyekiti akasema fundi si mshirika. Wakapiga kura kumruhusu aseme, na mikono ikainuka karibu yote.

Mzee Koki alisimama, akaeleza kwamba ufa uko kwenye kiungo cha bomba la kutolea maji, kazi ya siku mbili. Watu walidhani amemaliza. Hakuketi.

"Waliojenga hapa walichimba birika kabla ya kuezeka paa," alisema. "Niliyaona mabomba yao, najua lipi lilitangulia. Walianza na maji. Mimi sina kura. Lakini kama mnaamini mnayoyasema juu ya maji haya, msiyafunike."

Yule mwalimu mstaafu akamgeukia, akamuuliza kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza mwanafunzi mpole, "Na wewe, baba, unaamini?"

"Naamini," alisema. "Siku nyingi."

Kisha akatoka nje, kwa sababu kura ilikuwa inapigwa. Aliambiwa baadaye kwamba birika limepona kwa tofauti ya kura saba.

Siku iliyofuata alikwenda kwa mama yake, aliyekuwa akiishi kwa bintiye. Bibi huyo alikuwa amepita miaka themanini na mitano. Magoti yalikuwa yamemsaliti lakini ulimi ulikuwa mzima. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Mzee Koki akamweleza yote, kwa kusitasita, na mama hakuinua macho mpaka alipomaliza.

"Ulizaliwa mgonjwa," mama alisema. "Nilikukimbiza kanisani nikidhani hufiki Jumapili. Nilimwomba Mungu akushike. Sasa wewe unataka kwenda kumshukuru kwamba alikushika. Ugomvi uko wapi hapo?"

Alisema alidhani atamuumiza.

"Uliniuliza lini, mwanangu? Miaka yote hiyo umejificha nyuma ya kanga yangu."

Mzee Koki alicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mama alikuwa sababu, lakini hakuwa sababu yote. Anayebatizwa husimama kwanza mbele ya kanisa akatoa ushuhuda, na yeye alikuwa akiogopa kusimama pale kuliko alivyowahi kuogopa maji. Alimwambia mama hivyo. Lilikuwa jambo ambalo hata mkewe hakulijua.

Alikarabati kiungo kwa mkono wake. Jumamosi alijaza birika kama kawaida, na Jumapili akasimama ndani ya kanzu nyeupe iliyomfika magotini tu. Ushuhuda wake ulikuwa sentensi nne. Ya mwisho ilisema kwamba alichelewa, na kwamba Yesu hakumfokea. Mchungaji akamshika mgongo, akamzamisha, akamwinua. Mkewe, benchi la mbele, alilia bila sauti, kitambaa kikiwa kimesahaulika mkononi.

Mama yake alikuja amevaa sare ya akina mama wa kanisa lake, akaketi katikati ya Wabaptisti pasipo wasiwasi. Baada ya ibada alimwambia mchungaji kwamba, kwa hesabu yake, mwanawe amebatizwa mara mbili.

"Sisi tunasema mara moja, bibi," mchungaji alijibu kwa upole.

"Basi tusibishane. Mtoto ni mmoja."

Jioni hiyo sinia la Meza ya Bwana lilipomfikia, Mzee Koki alikaribia kumpitishia jirani, kwa mazoea. Mkewe akamgusa kiwiko. Akachukua mkate, akaushika kidogo kabla ya kula.

Mwezi uliofuata alipiga kura yake ya kwanza. Ilihusu rangi ya ukuta wa nje. Yeye alitaka nyeupe, wenzake wakataka kijivu. Akashindwa, akarudi nyumbani na mkewe wakizungumza njia nzima jinsi kijivu kisivyofaa.