Siku Niliyowafikia Wakwe kwa Mgongo

Wacheni nicheke mimi kwanza kabla hamjaanza nyinyi, maana mkasa huu Luzira nzima inaujua na kila mtu anautia chumvi yake, bora niuseme mwenyewe: mimi Ramadhani, fundi, mjukuu wa askari wa Kinubi, mwenye kibanda cha kutengeneza jenereta pale Nakivubo, nilikwenda kujitambulisha kwa wakwe zangu kinyumenyume, kanzu imelowa chepechepe. Aibu ile bado ninayo.

Baba yake Hajara, Mzee Sulaiti, ameendesha boti ziwani maisha yake yote, na posa yangu alikuwa akiizungusha kila siku, mara fundi wa jenereta hajui maji, mara kazi yake ni kupuliza vumbi tu. Lakini alikuwa amesikia kwamba babu aliniachia injini ya boti ya zamani sana, ile ya kuvuta kamba, ambayo haijawaka tangu babu azikwe, basi mwisho akakubali tufanye kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha bwana kwa wakwe, kwa sharti moja: nifike kwenye mwalo wake, pale ufukweni anapoegesha boti, na injini ile, ikisukuma yenyewe. Ikishindwa, nirudi na zawadi zangu na nisilitaje tena jina la binti yake. Hajara alinieleza hayo akilia. Nikamwambia asijali, injini ni injini tu (mdomo wangu huu, Mungu anisamehe).

Ugonjwa wa injini ile ulikuwa cheche ya plagi kuja wakati si wake. Ndani mna platini, vyuma viwili vidogo vinavyoachana na kugusana, vikiachana ndipo plagi inatoa cheche, na nafasi kati yake iwe nyembamba sana, maana ikizidi cheche inakuja mapema, pistoni haijafika juu, na injini inakupiga teke kwa ile kamba mpaka bega linauma. Hayo yote nayajua, ndiyo kazi yangu. Asubuhi ya kwanjula niko Port Bell, nimevaa kanzu na koti, platini nimezisafisha zinang'aa, naingiza mkono kwenye zana, kipimo hakuna, vile vyuma vyembamba vya kupimia nafasi nimevisahau kibandani, na kwenda Nakivubo na kurudi kwenye jam ya Jumamosi ni habari ya mchana kutwa. Sasa sisi mafundi wa Kampala tunapima na chochote, ganda la sigara, kipande cha kalenda, basi nikapapasa mfukoni nikakuta kadi ya mwaliko wa kwanjula yangu mwenyewe, ina maua ya dhahabu, nikapimia hiyo. Kadi ni kadi, nikajiambia.

Tukaijaribu kwenye pipa la maji, ikanguruma, ikanimwagia maji yote mimi badala ya kuyarusha upande wa pili, na mimi kwa akili zangu nikasema banange, hii ina nguvu. Zana nikaziacha ufukweni (nani anabeba spana kwenye kwanjula?). Wenzetu walikuwa wametangulia barabarani na lori la zawadi, kwa hiyo injini tukaifunga kwenye boti ya kuazima, tukapanda watu watatu: mimi, baba mdogo Amri, muuza magodoro mwenye maneno matamu ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, na shangazi Zaitun na gurbaba yake mpya, lile vazi la wanawake wetu wa Kinubi, amekumbatia jogoo wa kumpa kaka yake Hajara, maana kwa Waganda bila jogoo huyo hupewi mke.

Nikavuta kamba, ikanipiga teke, ikanichomoka mkononi, halafu injini ikawaka na boti ikarudi nyuma ikagonga gati. Injini za zamani namna hii hazina gia, zinavyozunguka ndivyo unavyokwenda, na ile cheche ya mapema ilikuwa inairudisha pistoni ilikotoka, injini inawaka ikizunguka upande usio wake. Nikazima, nikavuta tena, yale yale, mpaka vidole vikavimba. Ningeigeuza injini nzima kwenye shingo yake, lakini babu aliibana hapo kwa bolti isizunguke na kutu imezila. Baba mdogo akanikumbusha kwa upole kwamba wakwe wanangoja. Hapo ndipo nikachukua kasia nikaigeuza boti, mkia ukaelekea kwa wakwe, nikasema twendeni hivyo hivyo, mzee alitaka tufike, hakusema kwa upande gani.

Tukavuka ghuba kinyume. Maji yote yanapanda nyuma yananipiga mimi, jogoo anawika, shangazi alijaribu kugeuka akae vizuri, boti ikalala upande, baba mdogo akamwomba kwa jina la Mtume akae alivyo. Na kule mwaloni mama wakwe na dada zao walikuwa wamejipanga na magauni yao ya gomesi, wamepiga magoti tayari kutusalimu kwa heshima, na sisi tunawaletea migongo. Nilitamani ziwa linimeze.

Mzee Sulaiti akashuka mpaka ukingoni na fimbo yake. Hakunitazama. Kwenye kwanjula bwana harusi hafungui mdomo, anasemewa, hata akikohoa watu wananong'ona, kwa hiyo mzee akamgeukia baba mdogo.

“Muulize mtoto wenu platini amepima na nini.”

Baba mdogo, ambaye hajawahi kufungua hata redio, akainama. “Ssebo, platini tumeleta. Iko kwa lori na zawadi zingine.”

“Imefunguka kiasi gani?”

“Imefunguka yote, mzee. Sisi hatufichi kitu.”

Mzee akaanza kugeuka aondoke. Nikamwona Hajara kwenye dirisha la nyumba yao pale juu, ameshika mdomo, na nikaona kabisa kwamba namkosa mke kwa sababu ya muuza magodoro.

“Kadi,” nikasema. “Nilipima na kadi ya mwaliko.”

Shangazi akafumba macho. Mzee akanyoosha mkono, nikamtolea ile kadi imelowa, akaibana kati ya vidole viwili, akaisugua. Halafu mabega yakaanza kumcheza.

“Hii niliichagua mimi,” akasema. “Mchapaji alileta nyembamba, nikamkatalia, nikataka nene, watu waone naoza binti.” Nyuma yake mkewe akaficha uso kwenye gomesi akicheka, na wote waliopiga magoti mwaloni wakaangua kicheko. Mzee akajifuta macho, akarudi kwa baba mdogo kama desturi inavyotaka. “Mwambie angenidanganya, angerudi na maji aliyokuja nayo. Ingieni. Ila yeye aingie kwa uso.”

Injini ilibaki kwake, akaihesabu kwenye zawadi, sisi tukarudi ndani ya lori tumekaa juu ya vikapu vitupu. Siku ya nikahi watu walituletea mablanketi na masufuria, yeye akanipa kifurushi kidogo, Hajara akakifungua haraka akidhani ni bangili, kumbe ni kipimo cha platini. Mpaka leo kila asubuhi kabla sijatoka ananipapasa mfuko kuhakikisha ninacho. Na kadi ya mwaliko ikija nyumbani, hata iwe ya jirani, anaipokea yeye, mimi naambiwa tarehe tu.