Keria ya Kijani

Baiskeli ya baba niliikuta nje ya mlango wa kaka yangu kule mtaani Soweto West, imepakwa rangi ya kijani ya mageti. Hasira niliyopandwa nayo siku hiyo haijashuka vizuri hadi leo.

Ilikuwa baiskeli ya mashindano ya zamani, ya chuma chepesi, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Baba alipewa na tajiri aliyemwajiri kulinda nyumba, na utoto wetu wote aliiendesha kwenda kazini na kurudi. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kugusa kengele. Alipofariki, ilibaki kwa kaka kwa sababu mama alibaki kwake. Mimi nilikuwa na chumba changu Gatina, na kwa vile mimi na kaka tulikuwa tumekosana, nilikuwa sikanyagi kwake. Mama nilimpigia simu, naye kila mara alisema anaendelea vizuri. Siku hiyo nilikwenda kwa ajili ya baiskeli tu.

Rangi ningeivumilia. Lakini nyuma kulikuwa na keria ya nondo, imechomelewa kwenye fremu na fundi asiyejua tofauti ya baiskeli na mguu wa kitanda. Bomba lilikuwa limevimba kila palipopita moto. Juu ya keria walikuwa wamefunga kipande cha godoro kwa mpira wa tyubu, eti magunia yasiumie.

"Umeharibu baiskeli ya mzee," nilimwambia kaka, aliyekuwa ameketi na simu; mama alikuwa amelala ndani.

"Si inatembea?" Hata hakusimama.

"Naenda nayo."

"Enda nayo. Lakini hiyo keria usitoe."

"Wewe ndio utanifunza baiskeli?"

Alinitazama, kisha akarudi kwa simu yake. Ndivyo alivyo tangu zamani. Ukimpandishia sauti, anafunga mdomo.

Mimi hununua baiskeli kuukuu za chuma kwa wauza vyuma chakavu na kuzifufua. Hakuna kazi niipendayo zaidi, lakini hii niliifanya kwa chuki. Keria niliikata kwa grenda siku ya kwanza, na kila cheche iliyoruka niliona inamwangukia kaka. Makovu ya moto niliyapiga msasa mpaka bomba likawa jembamba kama ganda la yai. Rangi ya bluu ya baba niliitafuta Kawangware nzima, nikaipata Riruta Satellite.

Wiki ya tatu, asubuhi ya Jumanne, niliipanda kwenda Soweto West kumwonyesha mjinga yule baiskeli ni nini. Mteremko wote sikusikia ila cheni. Watu wa pikipiki walinizomea, "Mzee, nunua ndai!" eti ninunue gari, nami nikawatukana mpaka nikakosa pumzi.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, amevaa leso safi, kadi ya kliniki mkononi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba hadi gotini.

"Umerudisha! Mungu akubariki," alisema. "Hata tulikuwa tunashangaa leo tutaenda na nini. Pikipiki mimi siwezi, inatikisa sana mguu."

Akainuka kwa taabu, akazunguka baiskeli polepole. Alipofika nyuma aliweka mkono hewani, pale palipokuwa na godoro.

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

Nilitazama mahali nilipoikata keria. Hata kuichomelea tena haikuwezekana, bomba nililolipiga msasa lingetoboka.

Kaka alitoka ndani, akatazama baiskeli, akanitazama mimi. Nilingoja anitukane. Alichuchumaa mbele ya mama, akambeba mgongoni, wakaanza kushuka kichochoro. Nikawafuata nikisukuma baiskeli.

Mama akageuza shingo. "Hiyo bluu mzee angependa sana," akaniambia.

Kaka hakugeuka. Nilimchukia siku hiyo kuliko siku nyingine zote, kwa sababu angeweza kuniambia keria ni ya nani, na kwa sababu nilijua nisingemsikiliza.