Katuni Aliyoisikiliza Mama Mkwe

Mke wangu aliporudi kazini, binti yetu alikuwa na miezi minne na shule ninayofundisha ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo tuliona ni jambo la kawaida kabisa kwamba mimi nibaki nyumbani Kiseke na mtoto, na mama yake mke wangu aje kutoka Misungwi kunisaidia. Jambo ambalo hatukulifikiria vizuri ni kwamba mimi na mama mkwe tungekuwa watu wazima wawili peke yetu katika nyumba ya vyumba viwili, kutwa nzima.

Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima za zamani. Wasukuma wengi wa mjini siku hizi hukaa na wakwe zao meza moja, wakala na kucheka. Yeye hapana. Nikiingia sebuleni, alitoka. Nikiwa jikoni, alingoja uani mpaka nimalize. Asubuhi nilimsalimia nikiwa nimeinamisha kichwa, yeye akiwa upande wa pili wa pazia la mlango wa nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto ameamkaje?"

Hata mtoto mwenyewe hatukupeana mkononi. Alimlaza kwenye mkeka karibu na mlango, akarudi nyuma kidogo, ndipo mimi nikaja nikamchukua. Binti yetu alidhani ndivyo dunia ilivyo. Akishawekwa mkekani alianza kurusha miguu kwa furaha, kwa kuwa alijua mikono mingine inakuja.

Mimi ni mtu wa Ukerewe, na kwetu nako mkwe ni mkwe, kwa hiyo sikuona ubaya. Ila nyumba ilikuwa kimya mno. Mke wangu aliondoka asubuhi kwenda dirishani kwake benki, Nyamagana, akituachia maziwa aliyoyakamua kwenye chupa ndogo. Mama mkwe alikaa uani akipepeta mchele au akichambua maharage. Mimi nilizunguka sebuleni na mtoto begani, mtoto ambaye alikuwa amekataa katakata kulala mchana. Nilimwimbia, akalia zaidi. Simlaumu. Sauti yangu ya kuimba iliwahi kunitoa kwenye kwaya ya kipaimara.

Siku moja, nikitafuta chaja kwenye droo, nikaokota flashi yangu ya zamani. Ndani yake kulikuwa na ujana wangu wote: mifululizo ya anime, katuni za Kijapani, ambayo nilianza kuiangalia nikiwa sekondari na karibu yote sikuimaliza. Mmoja niliuacha chuoni kompyuta yangu ilipoibiwa. Mwingine uliishia njiani vikao vya harusi vilipoanza. Mwingine tuliuangalia wawili, mimi na mke wangu, mpaka ujauzito ulipomfanya ashindwe kuvumilia mwanga wa runinga unaowakawaka. Nikachomeka flashi, nikakaa na mtoto kifuani, nikasema leo angalau mmoja wetu atafurahi.

Wahusika walizungumza Kijapani, maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza. Sijui kwa nini nilianza kuyasoma kwa sauti, tena kwa Kiswahili. Labda ni mazoea ya ualimu. "Binti anasema, 'Nitavuka hata kama ninyi hamvuki.' Mzee anamwambia, 'Huko mbele hakuna kisima.'" Nilisoma hivyo polepole, na nilipotazama chini mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, mate yakinilowesha fulana.

Kuanzia siku hiyo, hiyo ikawa dawa yetu. Kila mchana baada ya chupa, nilikaa nikamsomea katuni.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Katika nchi moja, mto mkubwa uliondoka. Watu waliamka wakakuta mkondo mkavu, samaki wakitapatapa kwenye matope. Wengine walihama, wengine wakachimba visima. Binti mmoja tu ndiye aliyeamua kuufuata mkondo ule mkavu hadi aupate mto ulikokwenda. Alisafiri na mnyama wa kubeba mizigo, mkubwa, mwenye manyoya na pembe sita. Nikiwa chuoni niliipenda kwa sababu ya mapigano. Sasa mapigano niliyarusha, maana sauti za panga zilimwamsha mtoto.

Siku moja binti yule wa kwenye katuni alikuwa amefika kwenye korongo refu, daraja la kamba limeoza, na mtoto wangu akawa ameshalala. Nikazima runinga nipumzishe macho. Nikasikia kutoka nyuma ya pazia:

"Mkwe."

Nikashtuka. Mama mkwe hakuwa na kawaida ya kuniita. "Naam, mama."

Ungo ulikuwa umenyamaza. Kisha akauliza, "Yule binti alivuka?"

Nikadhani anamsema binti wa jirani. "Binti yupi, mama?"

"Huyo wa mto. Umemwacha kwenye daraja bovu."

Alikuwa akisikiliza siku zote hizo. Hakuwahi kuona picha hata moja. Kwake ilikuwa hadithi ninayomsimulia mjukuu wake, na nilikuwa na tabia mbaya ya kuikata palipo patamu.

Nikawasha tena. Binti alivuka, nikamwambia. Mnyama alikataa daraja, akazunguka kwa chini, wakakutana ng'ambo.

"Mnyama ana akili," akasema mama mkwe, na ungo ukaanza tena.

Kesho yake nilikisogeza kiti karibu na mlango wa nyuma, nikapandisha sauti kidogo. Nilimwambia, "Mama, ungeingia tu ukaona na picha. Mimi nitakaa kule pembeni."

"Hapana, mkwe. Hapa nasikia vizuri."

Basi tukaendelea hivyo, mimi na mtoto huku, yeye na ungo wake kule, pazia la maua katikati. Alikuwa msikilizaji mgumu. Aliuliza mambo ambayo mimi, kwa miaka yote ya kuzipenda katuni hizi, sikuwahi kujiuliza.

"Pembe sita. Sasa analalaje?"

Nikaiangalia picha. "Anaegemea mwamba, mama."

"Na anakula nini kama nchi ni kavu?"

"Hawajaonyesha."

"Watamuua kwa njaa." Alisema kwa uchungu wa kweli, kana kwamba mnyama huyo alikuwa zizini kwake Misungwi.

Siku nyingine akauliza, "Na mama yake huyo binti mbona hatajwi?"

"Alikufa kabla hadithi haijaanza."

"Na yule mvulana mwingine, uliyekuwa ukimsoma wiki iliyopita? Wa vita?"

Huo ulikuwa mfululizo mwingine, niliujaribu siku mbili nikauacha. Nikafikiri. "Naye hana mama."

"Mkwe, hao Wajapani wameua mama wote?"

Nikacheka hadi mtoto akatikisika kifuani. Kisha kicheko kikaniisha. Nilikumbuka katuni moja baada ya nyingine, na kweli, mama walikuwa picha ukutani, au kaburi, au sauti ya sekunde chache mwanzoni. Nilipokuwa kijana hilo lilinifaa. Shujaa asiye na mama anaweza kuondoka nyumbani bila kuaga. Sasa nilikuwa na mtu wa miezi minne kifuani, ameishika fulana yangu kwa ngumi, na kila shujaa alipoufunga mlango wa nyumba yake nilitamani mtu amwambie angoje, ale kwanza.

Mama mkwe hakucheka. Alisema, polepole, "Mimi mama yangu alikufa nikiwa wa kunyonya."

Nikasema, "Pole, mama."

"Ni zamani. Nilikuzwa kwa maziwa ya ng'ombe. Ng'ombe mmoja, baba alimtenga kwa ajili yangu, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumkamua. Nilipoanza kutembea nilikuwa namfuata yeye, siyo watu. Nikilala ubavuni kwake hakuwa anainuka." Akapepeta mara mbili tatu. "Ndiyo maana nauliza huyo wa pembe sita anakula nini."

Jioni mke wangu aliporudi, akiwa amekaa kitandani anamnyonyesha mtoto bila hata kuvua viatu, nikamweleza. Alijua kwamba bibi yake alikufa mapema. Habari za ng'ombe hakuwahi kuzisikia.

"Nimeishi naye miaka yote hiyo," akasema, "na amekwenda kukuambia wewe. Tena kupitia pazia."

Nilidhani amekasirika, lakini alikuwa anafuta machozi kwa kona ya kanga ya mtoto. Jumamosi iliyofuata hakwenda kulala mchana kama alivyokusudia. Alikaa chini, mlangoni kabisa, mgongo kwenye fremu, pazia limemwangukia bega moja. Mimi nilisoma. Yeye alitazama runinga, kisha akageuka kumweleza mama yake kwa Kisukuma mambo ambayo maneno yangu hayakuyafikia: rangi ya anga, jinsi manyoya ya yule mnyama yalivyoshikamana kwa vumbi. Nilisikia mama mkwe akicheka kwa mara ya kwanza. Anacheka kama mke wangu, kwa kuvuta pumzi ndani.

Tulikuwa tumebakiza sehemu ya mwisho tu mtoto alipougua. Ilikuwa asubuhi, mke wangu ameshaondoka. Mwili ulikuwa wa moto, akakataa chupa, akawa analia kilio ambacho sikukijua, kilio kikali cha kugeuza kichwa. Nikamlaza mkekani kwa mazoea. Mama mkwe akamgusa shingo, akasema neno moja tu: "Twende."

Tulipanda bajaji. Yeye na mtoto walikaa nyuma. Mimi nilikaa mbele na dereva, nusu ya kalio nje, ili nisikae naye kiti kimoja. Dereva akanitazama, akatazama nyuma, akasema, "Mkwe, siyo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaendesha polepole sana.

Zahanati ilijaa. Mama mkwe akakaa benchi la mbele, mimi nikasimama, kisha nikapata nafasi benchi la nyuma yake. Nilikuwa mwanamume pekee pale. Mtoto alilia bila kukoma, akapakatwa, akabebwa mgongoni, akatembezwa, wapi. Akinamama wengine walianza kutoa ushauri. Mama mkwe hakugeuka. Alisema akitazama mbele:

"Mkwe, msimulie."

"Sasa, mama? Hapa?"

"Sauti yako anaijua."

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha nikainama mbele, mdomo karibu na kanga iliyomfunika mtoto, nikaanza tangu mwanzo, tangu watu walipoamka wakakuta mto haupo. Nilisimulia korongo, daraja, mnyama aliyezunguka kwa chini. Mtoto alilia, akanyamaza kusikiliza, akalia tena kidogo, akabaki na kwikwi. Mama mmoja jirani akamzuia mwenzake asiongee. Nikaendelea hadi nilipofika mwisho wa nilichokijua: binti na mnyama wamekaa juu ya mlima wa chumvi, maji ya kwenye kibuyu yamekwisha. Hapo nikakwama, kwa sababu sehemu ya mwisho tulikuwa hatujaiangalia.

"Halafu?" akauliza yule mama jirani.

Ndipo mama mkwe akaipokea hadithi, kwa Kisukuma, bila kugeuka, akimtikisa mtoto taratibu. Kisukuma changu ni cha salamu. Niliokota neno moja moja: ng'ombe, minzi ambayo ni maji, ng'ombe tena. Lakini sauti yake nilielewa. Ilipanda, ikasimama kidogo, ikashuka kama mtu anayeteremka mlima akiwa na haraka ya furaha. Benchi zima lilikuwa likitabasamu alipomaliza. Mtoto alikuwa amelala.

Ilikuwa sikio. Daktari alichungulia, akaandika dawa ya maji, akasema tumewahi. Mke wangu alitukuta nje, kaja mbio na sare ya benki, na mama yake akamweka mtoto mikononi mwake, halafu akakaa kwenye ngazi akafunga na kufungua kitambaa chake cha kichwa mara kadhaa. Nikaona kwamba alikuwa ameogopa kuliko mimi. Nikaenda kununua maji, nikaiweka chupa kwenye ngazi, mbali naye kidogo. Akaichukua.

"Asante, baba," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Mvua zilipokaribia alirudi Misungwi kulima. Baada ya siku chache nikaangalia ile sehemu ya mwisho peke yangu, mtoto akiwa macho mapajani mwangu akitafuna kamba ya fulana. Kisha nikampigia simu.

"Mama, nimeimaliza."

"Eeh. Mto aliuona nani?"

"Binti. Aliota njozi, akaamka akajua uliko."

"Na mnyama?"

"Hawakumwonyesha tena."

"Hapana," akasema. "Ng'ombe mwenye kiu ananusa maji kabla ya mtu yeyote. Hao hawajafuga. Wewe mtoto usimwambie hivyo walivyosema wao. Mwambie hivi nilivyosema mimi kule zahanati, kwamba mnyama ndiye aliyeunusa mto."

Nikamwahidi. Jioni akamsimulia mke wangu toleo lake lote kwenye simu, naye akanitafsiria neno kwa neno, nami nikaliandika nisilisahau.

Sasa shule ilishafunguliwa zamani na mtoto hushinda kwa shangazi yake hadi mmoja wetu atoke kazini. Ule mfululizo wa enzi za ujauzito bado haujaisha. Jumapili iliyopita tuliuwasha, mimi na mke wangu, tukiwa na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyotumwa kutoka Misungwi. Mtoto akatambaa hadi kwenye meza ya runinga, akaikamata kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama. Mara ya kwanza. Magoti yalikuwa yanatetemeka na kichwa chake kilikuwa kimeziba nusu ya picha na maandishi yote ya chini. Mke wangu akanishika mkono nisimsogeze. Tukakaa hivyo, hatujui tena nani anasema nini kwenye katuni, tukimtazama kisogo.