Plasta ya Lindembo

Zamani bwawa la Lindembo lililindwa na ukoo usiolitaja jina lake mbele ya mgeni, na siku hizi linalindwa na kibao chenye jina hilo kwa herufi kubwa, na watu wa ukoo ndio wasioruhusiwa kulisogelea.

Wendelin hajaenda kukiona kibao hicho. Yuko nyumbani kwake Lipangalala, na mtu akianza kumsimulia habari zake huuliza bei ya mchele. Lakini anajua kilivyoandikwa, maana jina lile liliandikwa kwanza kwa mkono wake.

Alikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji kwa miaka thelathini na mmoja. Shule aliishia darasa la nne. Mengine alijifunza kwa kusoma makaratasi ya ndani ya maboksi ya dawa. Kazi yake ilikuwa kuosha, kuchemsha vyombo, na kupokea vinyama vilivyotolewa mwilini mwa mgonjwa ili vikapimwe. Wakati ule mashine ya kunyonya damu ilikanyagwa kwa mguu, na kwenye mpira wake palifungwa kikombe chenye wavu mwembamba: damu ilipita, kinyama kikabaki. Wendelin alikitoa kwa koleo, akakitia kwenye chupa ya dawa, akabandika plasta na kuandika jina la mgonjwa, kijiji, siku na saa. Alisahau mara moja tu. Mwanamke mmoja alipasuliwa mara ya pili kwa ajili ya chupa isiyo na jina, na siku hiyo Wendelin alikanyaga mashine huku ameinamisha kichwa. Tangu hapo hakuna chupa iliyotoka mkononi mwake bila maandishi. Hata kopo la chumvi nyumbani aliliandika, mpaka marehemu mkewe akawa anamtania, "Siku moja nitaamka na plasta kwenye paji la uso."

Sasa vyombo hivyo ni plastiki, vinatumika mara moja na kutupwa, na anayevitupa hajui vilitoka wapi wala vinakwenda wapi. Mashine ya mguu ilitupwa stoo. Wendelin alipostaafu aliiomba, akapewa kwa furaha, kama mtu anayesaidia kuondoa takataka.

Halafu wakaja watafiti wawili, Levina na Beno, wa mradi mmoja kutoka mbali. Walitaka kujua ni samaki gani na wanyama gani bado wako kwenye bonde hili, bila kumkamata hata mmoja. Kila kiumbe kikigusa maji huacha kitu: gamba, ute, unyoya, kinyesi. Ukivinasa hivyo, maabara itakwambia nani alipita. Tatizo lao lilikuwa tope la Kilombero. Pampu yao ya betri ilikuwa inaziba kabla ya kujaza kikombe, na mtu mmoja pale hospitali akawaambia habari za mzee mwenye mashine ya ajabu.

"Shikamoo babu," Levina alisema mlangoni.

"Marahaba. Mmekuja kununua chuma chakavu?"

"Tumekuja kujifunza."

Neno hilo lilimmaliza. Tangu astaafu, hakuna aliyewahi kuja kwake kujifunza kitu.

Akaifanyia kazi mashine ile wiki mbili. Aliweka vikombe viwili, kimoja nyuma ya kingine: cha kwanza chenye wavu wa kuzuia majani na mchanga, cha pili chenye kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, cha kunasa yale yasiyoonekana kwa macho. Wakaijaribu chini ya daraja. Beno alikanyaga, maji yakapita bila kuziba.

"Mzee, hiki kidude ni noma!"

"Sema ni kizuri, nikuelewe."

Baada ya hapo wakawa wanatafuta mahali ambapo maji hayajavurugwa na watu, na Wendelin, aliyekuwa ameanza kujiona mwalimu, akakumbuka Lindembo. Pale alizaliwa. Mdogo wake Alphonce bado alikuwa na kambi ya uvuvi ukingoni, yeye na mkewe Theodosia. Wazee wao walikuwa na utaratibu: mvua za kwanza zikianguka, hakuna wavu unaogusa bwawa lile mpaka mkubwa wa ukoo aseme, na jina lake halitajwi kwa mtu wa nje. Kambale na kitoga walizaliana humo kwa amani, kisha wakajaza mto mzima, wakaliwa na watu ambao hawakujua wamshukuru nani.

Walipofika kambini, Alphonce hakupenda.

"Kaka, wewe umekaa mno na watu wa makoti meupe," alisema. "Hawa wakijua samaki wako wapi watawapima. Wakishawapima watawahesabu. Wakishawahesabu, ni samaki wao."

"Hawa ni watoto wazuri."

"Wote ni wazuri wanapokuja."

Levina akapiga ishara ya msalaba. "Baba, naapa mbele yenu, jina la mahali hapa halitatoka. Tutaweka namba tu."

Theodosia akapakua wali na kambale wa moshi, wakala pamoja, na kwa Alphonce, mtu aliyekula nawe hawezi kukuuza. Alasiri akawavusha kwa mtumbwi wake mwenyewe hadi katikati ya bwawa. Wendelin alikanyaga mashine. Kikombe kilipojaa, akakikung'utia kwenye chupa, akakata plasta, akaandika, mkono ukienda wenyewe kama ulivyokwenda miaka thelathini na mmoja: LINDEMBO, siku, saa.

"Mzee, si tulisema namba?" Beno aliuliza.

"Chupa isiyo na jina hutupwa."

"Mwache," Levina akasema, akicheka kidogo. "Nitaibandua tukifika."

Alphonce alikuwa mbele ya mtumbwi, amewapa mgongo, anapiga kasia. Wendelin angeweza kuibandua palepale, kwa ukucha mmoja. Aliona aibu kuharibu kazi safi.

Miezi sita baadaye waliitwa kwenye ukumbi wa kata kusikiliza matokeo. Alphonce alivaa shati la kanisani. Kwanza ilionyeshwa picha ya mashine ya mguu, vikombe viwili na mpira wake, na chini yake jina la Beno. Ikafuata ramani. Katikati ya ramani, kwa herufi nyeusi, palikuwa na jina ambalo baba yao alikufa bila kulitamka mbele ya mgeni. Mtu aliyesimama mbele akaeleza kwamba maji ya hapo yameonyesha samaki wengi kuliko kwingine kote, na swala waitwao sheshe, na viboko, kwa hiyo ni lazima pafungwe, na kambi iliyopo iondoke. Maji yalisema samaki wapo. Hakuna aliyeuliza kwa nini wapo.

Alphonce aliisoma ramani taratibu, midomo ikichezacheza. "Uliandika wewe, kaka?"

"Niliandika."

Wendelin akamfuata Levina nje, kwenye gari. "Uliapa."

"Niliapa, babu. Lakini maabara walinakili kilichokuwa kwenye chupa. Likishaingia jina, nikilifuta nitaambiwa nimeghushi." Akaitazama simu yake. "Na plasta, babu, uliandika wewe."

Beno alikuwa ameshawasha gari. Wakaondoka na mashine yake, waliyoiazima tangu siku ile ya bwawani.

Barua ya kuhama ilitoa siku kumi na nne. Wendelin alizunguka ofisi tatu akieleza habari za mvua za kwanza na neno la mkubwa wa ukoo. Kila ofisi ilimwomba maandishi. Yeye, aliyeandika kila kitu maisha yake yote, hilo moja hakuwa nalo.

Siku ya mwisho aliwakuta Alphonce na Theodosia stendi ya Ifakara, wakienda Mngeta kutafuta vibarua vya kupalilia mpunga. Mtumbwi walikuwa wameuacha kwa jirani. Nyavu zilikuwa ndani ya viroba viwili, na kondakta alikuwa akipiga kelele kwamba kiroba kisicho na jina hapandishi juu, asije kulaumiwa.

Theodosia alimtazama Wendelin, akamnyooshea kalamu nene ya kondakta.

"Andika, shemeji. Wewe ndiye mwandishi."

Wendelin akapiga goti. Aliandika ALPHONCE kwenye kiroba cha kwanza, na THEODOSIA kwenye cha pili, kwa herufi zilezile za hospitali, zilizonyooka. Kisha, kwa mazoea, akashusha kalamu mstari wa chini.

"Mahali usiandike," Alphonce alisema.

Viroba vilirushwa juu, wakapanda, Theodosia dirishani, Alphonce upande wa ndani asikoonekana. Wendelin alibaki amepiga goti na kalamu ya mtu mkononi, gari likazunguka mtaro na kushika barabara, na majina yale mawili yakaendelea kusomeka kwa mbali kidogo. Hakuwaona tena.