Upindo wa Nabii

Fundi hakuwa mtu wa kutulia. Aketipo kwenye cherehani, mguu mmoja unakanyaga na mwingine unatikisika. Chai aliinywa amesimama. Wateja walimtania kwamba siku atakayokaa dakika tano bila kuinuka watamfanyia sherehe. Hawakujua, au walijua wakasahau, kwamba sikio moja la mwanamke yule lilikuwa daima nyuma ya pazia, kwenye chumba kidogo cha duka, ambako mdogo wake alikaa akishona vifungo.

Mdogo wake alikuwa na ugonjwa wa kuanguka. Ulimwanza akiwa na miaka tisa, na sasa alikuwa na thelathini na nne. Miaka yote hiyo Fundi alikuwa akisikiliza: kiti kinachogonga ukuta, sufuria inayodondoka, kimya kilichozidi kiasi. Aliwahi kuolewa, tena na mtu mpole, lakini bwana yule alidumu miaka minne, kisha akafungasha virago. Alisema hana ugomvi na mtu, ila amechoka kulala na mke ambaye sikio lake liko chumba cha pili. Fundi hakupata hata nafasi ya kumlaumu. Wiki ile alikuwa na sare za shule thelathini za kumaliza.

Dawa zilisaidia. Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, na mwaka wa tatu ulikuwa unakatika bila mdogo mtu kuanguka hata mara moja. Ndipo Nabii akahamia mtaani.

Alikodi bohari lililokuwa la saruji, nyuma ya safu ya maduka. Akapanga viti vya plastiki, akafunga spika mbili zenye kukwaruza masikio, na ukutani akaandika tarehe kwa rangi nyekundu, kila tarakimu kimo cha mtoto. Dunia ingefika mwisho Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi.

"Saa nne?" Fundi alicheka aliposikia. "Angalau katuachia muda wa kunywa chai."

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, wa viti vya mbele kabisa, na alifundishwa tangu utotoni kwamba siku ile hakuna mwanadamu aijuaye. Mtu anayeijua mpaka saa yake alimtia shaka kama fundi anayekata kitambaa bila kupima. Lakini mdogo wake alipoanza kwenda bohari kila mchana, Fundi hakumzuia. Alidhani ni kiu ya kuimba tu. Alifurahi, tuseme kweli, kupata saa mbili ambazo sikio lake lingepumzika.

Furaha hiyo iliisha siku alipofungua kopo la vifungo vyeupe vya mashati. Aliingiza vidole, akatoa kifungo kisicho na matundu. Akatoa kingine. Akamwaga kopo zima mezani, na katikati ya vifungo vikabaki vidonge vya siku tatu nzima, vyeupe, vya mviringo.

"Nini hiki?" aliuliza.

Mdogo wake hakuruka wala kukana. "Nabii kasema siku ile tutapewa miili mipya. Sasa huu wa zamani niukarabati wa nini, Dada? Zimebaki siku kumi na tisa."

"Ulimsikia muuguzi wa kliniki! Ukiziacha ghafla unaweza kufa!"

"Basi nitakuwa nimewatangulia kidogo."

Alilisema kwa upole, kama anayeaga kwenda sokoni, na upole huo ndio uliomtia Fundi wazimu. Alifoka, akabembeleza, akamleta muuguzi mpaka dukani. Aliponda vidonge kwenye uji. Uji ukarudi na bakuli lake, haukuguswa. Huwezi kumshika mtu mzima taya ukammezesha. Kilichobaki, alijiambia, ni kumbomoa Nabii. Akianguka Nabii, vidonge vitarudi kinywani.

Kwa hiyo bohari lilipotafuta fundi wa kushona kanzu nyeupe za siku ile, mama huyu aliyekuwa akimkejeli Nabii mtaa mzima alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Majirani walimkodolea macho. "Na wewe umeingia?" muuza mkaa alimwuliza. "Nimeingia kazini," alijibu.

Mtaani walimwita Mama Upindo, na jina hilo alilipata kihalali. Hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake bila akiba ya kitambaa imekunjwa ndani, chini na ubavuni, ili mwenyewe akirefuka au akinenepa nguo ifumuliwe isitupwe. Kila akimaliza kupima, ulimi wake uliuliza wenyewe: "Upindo niache kiasi gani?"

Waumini walimjibu kwa mshangao. "Wa nini?" alisema mwalimu mstaafu. "Kata pale pale," alisema mama mmoja, akisukuma mbele binti yake wa miaka saba. Fundi alipima goti la yule mtoto, akashika chaki, akashindwa kuchora mstari. Tangu ajifunze kazi hakuwahi kukata nguo ya mtoto bila kumwachia nafasi ya kukua. Aliona uchungu, kisha hasira, na mwishowe akaacha upindo kwa siri, vidole vinne, hata mama wa mtoto akipenda akasirike.

Siku zilikwenda. Fundi alishona huku ameacha pazia wazi, akiinuka, akiketi, akiinuka tena. Alijichoma sindano mara tatu kwa asubuhi moja, yeye ambaye angeweza kutunga uzi gizani. Kila mdogo wake akikohoa, cherehani ilisimama.

Jumanne ya wiki ya mwisho, mchana kweupe, ilitokea. Mdogo wake alikuwa akipiga pasi. Fundi alisikia ubao ukibamiza sakafu, akaruka meza badala ya kuizunguka. Alimgeuza ubavu, akamwekea kanzu za waliookoka chini ya kichwa, akahesabu kwa sauti mpaka mwili ulipolegea. Pasi ilikuwa imechoma kanzu moja na nyama ya kifundo cha mkono. Mdogo wake alipopata fahamu, jambo la kwanza alilolisema lilikuwa, "Siku tano tu, Dada. Usinisumbue."

Kesho yake Nabii alikuja kupimwa. Alikuwa mtu mnene kiasi, mchangamfu, mwenye harufu nzuri ya sabuni. Fundi alimzungushia utepe kifuani, akatamani ungekuwa shingoni. Alipima mikono, akapima urefu, akaandika. Na bila kufikiri, kwa mazoea tu, akauliza lile swali lake.

"Niache upindo kiasi gani, Nabii?"

"Weka wa kutosha, Mama," alijibu Nabii, naye kwa mazoea, akijitazama kiooni. "Na kiunoni usinibane. Mwaka jana nilishonewa moja kama hii, nzuri sana, hata mvua mbili hazikupita, hainiingii."

Fundi alibaki ameshika chaki hewani. Alimtazama Nabii kiooni, na Nabii wala hakujua alichokisema. Alikuwa anaweka sawa kola. Mama huyu nusura ampige busu. Alishona kanzu ile usiku na mchana wake akaimaliza, kazi safi kuliko zote, akaacha upindo wa shubiri nzima kama alivyoagizwa.

Alhamisi mchana alifunga mlango wa duka, akaipeleka nyuma ya pazia, akaigeuza ndani nje mbele ya mdogo wake.

"Tazama. Kanzu ya Nabii wako. Kata pale pale, mnasema nyie. Yeye ameagiza shubiri, na kiuno cha kunenepea! Anataka kunenepa lini, Jumatatu? Na mwaka jana alishonewa nyingine ya siku hiyo hiyo ya mwisho!"

Mdogo wake aliugusa upindo kwa mkono uliofungwa bendeji. Akatabasamu.

"Najua. Ile ya mwaka jana ilikuwa tarehe ya pili. Hii ni ya tatu. Waumini wake wa zamani waliniambia."

"Unajua?" Fundi aliketi juu ya rundo la kanzu. "Unajua kwamba ni mwongo, na dawa umeacha?"

"Sikumwendea kwa sababu anasema kweli, Dada." Mdogo mtu aliitazama kanzu badala ya kumtazama yeye. "Daktari alinipa vidonge, wewe ukanipa vidonge, nikauliza mpaka lini, mkaniambia mpaka lini ya nini, meza tu. Miaka ishirini na tano. Nabii peke yake ndiye aliyenipa tarehe. Nikasema hata ikiwa ya uongo, nitapata wiki tatu za kuhesabu kurudi nyuma kama watu wanaosubiri kitu."

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa na hoja za kumwangusha Nabii, za kutosha kujaza bohari, na hata moja haikufaa hapa. Lililotoka lilitoka lenyewe, na hakuwahi kulisema kwa mtu, si kwa mumewe wala kwa Mungu.

"Hata mimi nimechoka."

"Najua," alisema mdogo wake. "Unadhani mimi kiziwi? Nakusikia unavyosikiliza. Ndiyo maana nilitaka taabu hii iishe. Ya kwangu na ya kwako pia, upumzike."

Fundi alimshika mabega, akamtikisa, huku machozi yakimwagika bila breki. "Mjinga wewe! Nani kakwambia nataka kupumzika hivyo? Nani? Nimechoka, ndiyo. Nimechoka sana. Na nakutaka hapa hapa, na uchovu wangu!"

Walilia wote wawili, bila kujali nani anagonga mlango wa duka. Walipomaliza, mdogo wake alifuta pua kwa kiganja.

"Sina ahadi ya kukupa, Dada. Ya kesho siijui."

"Sijakuomba ya kesho."

Fundi alimletea vidonge viwili na kikombe cha maji, akavishika mbele yake bila kusema meza. Mdogo wake alivitazama, akavichukua, akameza kimoja, akapumzika kidogo, akameza na cha pili.