Mkungu Wake

Evaresta wa Bweranyange anaogopa kitu kimoja tu duniani: mgeni kuondoka kwake na njaa. Nyoka anampiga kwa jembe, mwenyekiti wa kitongoji anamjibu anavyotaka, lakini mwambie kuna mgeni njiani na chungu ni kitupu, hapo utamwonea huruma. Nimekuwa jirani yake miaka ishirini na miwili. Kati yetu kuna ua ambao mbuzi wangu walishautoboa zamani, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuletewa na mtu.

Mumewe, Cleophace, ni wa namna nyingine. Ni katekista wa kigango chetu, na kwake kila jambo lina jibu moja: Mungu atatoa. Mvua ikichelewa, Mungu atatoa. Mpini wa jembe ukivunjika, Mungu atatoa.

"Mungu ameshatoa miti, Baba Deo," Evaresta humwambia. "Panga liko pale mlangoni."

Wanapendana sana, msinielewe vibaya.

Mwaka huu, mwezi wa tano, ilipiga mvua ya mawe kwa muda usiozidi robo saa, na hiyo robo saa ilitutosha. Migomba iliyobeba ilikatika katikati, mikungu michanga ikalala kwenye matope. Kwangu hali ilikuwa hiyohiyo, tukawa watu wa viazi vitamu na maharage. Katika kibanja chote cha Evaresta, yaani shamba zima la migomba pale nyumbani, ulisalia mkungu mmoja wa maana, nyuma ya jiko, ambapo ukuta uliukinga. Waliuegemezea nguzo, nao ukaendelea kunenepa.

Wakati huohuo binti yao Deodatha, huyo Deo wao, aliyeolewa Nyakatuntu huko Kyerwa, akajifungua mtoto wa kwanza. Akapiga simu kwamba atakuja Jumapili kuwaonyesha mjukuu, na mama mkwe wake atamsindikiza. Sasa, binti akirudi kwao na kichanga mgongoni, hapewi viazi. Anakula ndizi za kibanja alichokulia, na mama yake ndiye anayepika. Evaresta alikuwa akiingoja siku hiyo tangu Deodatha aondoke. Wala hakuwa na haja ya kuwaza atapika ndizi zipi, maana mkungu ulikuwa mmoja.

Katika nyumba ile wana desturi yao. Mkungu ukifungwa kamba ya mgomba shinani, maana yake una mwenyewe na haukatwi kwa jambo jingine. Siku ya Jumatatu Evaresta akaukuta umefungwa. Jioni nilikwenda kwao kuomba chumvi, nikawasikia wakiongea.

"Naona umeufunga ule mkungu," Evaresta alisema.

"Nimeufunga. Niliogopa utanikatalia."

"Nikatae kwa nini? Si ni wake?"

"Ni wake kabisa," Cleophace akasema, na sauti yake ikalainika. "Na furaha yote hii tuliyoipata mwaka huu!"

"Anastahili ulio mzuri kuliko yote."

"Basi Jumapili nitaukata mwenyewe, asubuhi na mapema."

"Ukate, mume wangu. Mungu akubariki."

Niliondoka na chumvi yangu nikiwaonea wivu. Watu wameoana miaka yote hiyo na bado wanasikilizana vile!

Jumapili ile, kumbe, ilikuwa ya mavuno kanisani, siku ambayo kila nyumba inamtolea Mungu zao lake bora. Mimi nilibaki nyumbani na mguu wangu mbovu, na Evaresta alibaki kuandaa mapokezi. Saa tatu hivi nikamwona anapita kwenye tundu la mbuzi, kisu mkononi.

"Mkungu umekatwa lakini jikoni haupo. Umemwona Baba Deo?"

Nilimwona, ndiyo. Alipita alfajiri akisukuma baiskeli, mkungu nyuma, anaimba. Nilipomwambia, Evaresta alikaa chini palepale kwenye majani.

"Wake!" alisema. "Nilisema wake, nikimaanisha wa Deo!"

Na mwenzake alimaanisha wa Mungu. Useme Kiswahili, useme Kinyambo chetu, neno ni lilelile, halikuambii ni wa nani. Mimi ningecheka, lakini mwenzangu alikuwa analia.

"Na mjukuu, Baba Deo amempa jina Nuwagaba. Eti Mungu ndiye agawaye! Kweli anagawa, mpaka vya wenzake!"

Nikamwambia apike viazi. Alinitazama kwa jicho ambalo bado sijalisahau, kisha akaenda kumenya viazi.

Saa saba zikaingia pikipiki mbili. Ya kwanza ilimbeba Deodatha na mtoto. Ya pili ilimbeba mama mkwe wake, Mackrine, na nyuma yake mikungu miwili mikubwa. Nyakatuntu mawe hayakufika. Tulipiga vigelegele, tukampokea mtoto, tukasalimiana mpaka tukachoka. Evaresta alicheka na kila mtu, lakini tulipoingia jikoni akaisukuma ile mikungu pembeni.

"Mwanangu aje kwangu, nimlishe chakula cha mama mkwe wake? Bora viazi."

Cleophace akarudi kutoka kanisani, uso unang'aa, akachungulia jikoni. Akaviona viazi, akamwona mkewe, akaelewa. Akafungua mdomo.

"Usiniambie Mungu atatoa," Evaresta alisema.

Katekista wetu akavua kofia, akaikunja mikononi, na nilimhurumia yeye pia.

Mackrine alikuwa nyuma yake, amesikia yote. Aliingia, akainama kuangalia moto wa viazi.

"Mkwe wangu, ndizi zetu zina ubaya gani?"

"Hazina ubaya. Nisamehe. Nilitaka mtoto wangu ale cha kwangu."

"Cha kwako?" Mackrine akauvuta mkungu mmoja. "Na hiki ni cha nani? Wakati wa harusi sisi tulikuwa tumeng'oa kibanja kizima, ugonjwa wa mnyauko umetumaliza. Wewe ukampakilia Deo magunia mawili ya miche. Nyakatuntu hatuna mgomba hata mmoja ambao haukutoka hapa. Mwaka wa tatu huu unatulisha, mkwe wangu, na wewe mwenyewe hujui?"

Niliikumbuka siku ile, Evaresta alivyochimba miche bora na kubakiza ile hafifu kwenye kibanja chao, na sote tukamwona mjinga kidogo. Sasa Evaresta aliushika mkungu, akakata ndizi moja, akaigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu. Kisha akavuta kigoda, akaanza kumenya, machozi yakimdondokea kwenye maganda.

Chakula kilipoiva tukakaa, na Cleophace akasimama kusali, kama kawaida yake. Mkewe akamshika mkono, akamketisha.

"Leo nasali mimi," alisema. Akafumba macho. "Bwana, nilidhani umeninyang'anya. Kumbe ulishatangulia Nyakatuntu. Amina."

Akampakulia mwanawe kwanza, sahani ikajaa mpaka pomoni. Mumewe akapakuliwa wa mwisho kabisa.