Mwili Uliobaki Barabarani

Mwanamke aliyekaa nami kwenye basi siku ile sikuwahi kumuuliza jina. Tulipanda pamoja Kibondo asubuhi, kiangazi cha mwaka 2013, mimi nikirudi nyumbani Kasulu na mzigo wa vitambaa vya kushona, yeye akienda kumwona mama yake Nyakitonto. Alinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nikaitikia. Akaniachia kiti cha dirishani, maana alisema akiona miti inakimbia anasikia kichefuchefu. Njia nzima alimenya karanga na kunigawia, akinisimulia mama yake alivyo mbishi, jinsi anavyokataa kuhamia mjini.

Tulipata pancha. Mabasi mengine ya msafara wetu, yaliyokuwa na askari wa kuyasindikiza, yakatutangulia. Tulipoingia porini tukakuta gogo limelazwa barabarani, na dereva alipokanyaga breki watu wenye bunduki wakatokeza kwenye majani.

"Shukeni! Laleni chini! Kifudifudi!"

Tukalala juu ya changarawe. Mwenzangu alikuwa kushoto kwangu. Akanishika kifundo cha mkono, akaninong'oneza, "Tulia, dada. Tulia." Walitembea katikati yetu wakipekua mifuko, na mtu mmoja huko nyuma akainuka ghafla kukimbilia porini. Risasi zikalia. Mimi sikuona kitu, niliona changarawe na sisimizi tu. Baadaye kukawa kimya, watoto wakaanza kulia, nikajua wameondoka.

"Wameenda," nikamwambia mwenzangu.

Hakujibu. Mkono wake ulikuwa bado umenishika. Askari walipofika, ndio walioufungua, kidole baada ya kidole.

Nilirudi nyumbani bila hata mchubuko. Majirani walikuja kunipa pole wakamshukuru Mungu mbele yangu, nami nikaitikia. Lakini mkono ule haukuniacha. Nikikaa kwenye cherehani, nauhisi umenizunguka kifundo, baridi, na mshiko wake ni uleule. Nikavua bangili zangu zote. Mume wangu akinigusa upande wa kushoto naruka. Nikaacha kulala kitandani, nikawa naegemea ukuta na kusinzia hivyo hivyo, na mtoto akiambiwa na baba yake, "Haya, nenda kalale," mimi natoka nje. Lori likifunga breki kule barabara kuu, najikuta nimeinama chini ya meza ya kukatia nguo huku wateja wananitazama.

Wengine walisema marehemu ananidai kitu. Mchungaji alikuja akaniombea. Jirani yangu, mke wa mwenye duka aliyeolewa kutoka Ujiji, aliniletea maji yaliyosomewa dua, nikayanywa. Wote walinipenda, na kwa siku chache nilipata nafuu. Kisha mkono ukarudi.

Ni huyo jirani aliyesikia habari za mama mmoja muuguzi, aliyewahi kufanya kazi kambini na wakimbizi, ambaye alikuwa akiwafundisha wanawake yoga kwenye ukumbi nyuma ya zahanati. Aliniletea habari hizo akiwa na mashaka.

"Lakini si ibada ya Kihindi hiyo?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye mwenye kujua. Mwishowe tulikwenda wote wawili, yeye kwa kunilinda.

Huko akamuuliza muuguzi swali lilelile, naye muuguzi akamsikiliza mpaka mwisho. "Hapa hatuabudu kitu, mama. Kila mtu anakuja na dini yake na kuondoka nayo. Tunanyoosha viungo polepole na kupumua, basi. Jina likikukera, ita mazoezi."

Kulikuwa na mikeka, na wanawake wachache. Mmoja alikuwa bibi aliyetoka Burundi akiwa msichana, sasa raia, analima kijijini Titye. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Nilikaa kando ya mlango, viatu miguuni, nikakaa hivyo mpaka mwisho. Hakuna aliyenisogelea. Sauti ya muuguzi nayo ilinishangaza, maana haikuamrisha. "Ukipenda, inua mabega. Usipopenda, yaache. Macho unaweza kuyafumba, unaweza kuyaacha wazi. Kama kuna kitu hakikufai, kiache, mwili ni wako." Katika maisha yangu nimeambiwa na watu wengi nikae, nisimame, ninyamaze. Sikukumbuka mtu aliyewahi kuniuliza kama napenda.

Tulipomaliza nilimsimulia, nikiwa nimesimama, haraka haraka. Hakusema pole nyingi. Akasema, "Kichwa chako kimerudi Kasulu. Mwili bado umelala barabarani, haujapata habari kwamba mambo yamekwisha. Tutakuwa tunaupelekea habari taratibu."

Nikawa nakwenda. Nilivua viatu baada ya muda mrefu. Nilijifunza kukanyaga sakafu kwa nyayo zote na kuisikia sakafu, kutoa pumzi ndefu kuliko ile niliyoingiza, kugeuza shingo polepole na kuhesabu moyoni vitu ninavyoviona: ndoo, dirisha, kitenge cha bibi wa Titye. Wenzangu wakilala chali, mimi nabaki nimeketi na mgongo ukutani, na muuguzi alilisema hilo kwa sauti kama jambo moja kati ya mengi yaliyo sawa: "Wanaolala, wanalala. Wanaokaa, wanakaa."

Siku moja alisafiri, akaja kijana mwalimu wa mazoezi kutoka mjini, binti mchangamfu. Alikuwa hodari na hakuwa na nia mbaya. Aliona mkono wangu haujanyooka, akaja kwa nyuma, akanishika kifundo cha kushoto ili aunyooshe.

Sikumbuki kutoka. Nakumbuka nimesimama kwenye shamba la mihogo nyuma ya zahanati, koo linaniuma kwa kupiga kelele, na jirani yangu amesimama mbali kidogo akirudia, "Ni mimi tu. Ni mimi tu." Nilimwambia sirudi tena mahali pale.

Muuguzi aliporudi alikuja kwangu. Alikaa uani kwenye kigoda, tukachambua mchicha.

"Ilikuwa juu yangu kumweleza kabla sijaondoka," alisema. "Nisamehe."

"Ataniacha lini?" nikamuuliza. Alijua ninamsema nani.

"Sijui, mdogo wangu. Labda hatakuacha. Lakini nataka ifike siku akija, usikimbie wewe."

Hakuniomba nirudi. Nilirudi mwenyewe, masika yalipoanza. Na siku moja, mvua ikipiga bati mpaka hatumsikii muuguzi, mkono ulikuja nikiwa nimeketi na mgongo wangu ukutani. Baridi ileile. Nikakanyaga sakafu. Nikatoa pumzi, nikatoa tena. Mkono haukuondoka, wala mimi sikuondoka, na kwa mara ya kwanza nikakumbuka kwamba ule mkono ulinishika kwa kunituliza. Nililia. Bibi wa Titye alinisogezea kanga yake kwa mguu, bila kunigusa.

Baada ya hapo ndipo nilipoweza kwenda Nyakitonto. Nilikwenda mwanzoni mwa mwaka 2015, kwa pikipiki, na jirani yangu kwenye pikipiki ya nyuma. Tuliuliza njia kwa habari ya msiba tu, nyumba ya mama aliyefiwa na binti kwenye basi, na kila mtu alijua. Tulimkuta ameketi barazani anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliniangalia sana. "Wewe ndiye waliyesema alikuwa amekushika?"

"Ndiyo, mama."

Aliweka gunzi chini. Kisha akauliza, "Alilia?"

"Hakulia. Aliniambia nitulie."

"Mawe," alisema kwa Kiha, kama mtu anayemwita mama yake, akaziba mdomo kwa kiganja. "Ndivyo alivyokuwa akiwabembeleza wadogo zake."

Aliniuliza mengine mengi. Alikuwa amevaa nini, alikula nini njiani, alimsema mama yake kuwa mbishi? Nikamwambia ndiyo, alisema wewe ni mbishi, huhamishiki. Akacheka, kicheko kikamkatikia katikati. Alisema tangu msiba kifua chake kimefunga, akivuta pumzi haifiki chini, na mchana kweupe humsikia binti yake akipiga hodi, akitoka hakuna mtu.

Mimi mwenyewe mpaka leo silali kifudifudi, na breki za lori hunikuta bado. Nilimwambia kuna kitu nilifundishwa, si dawa, na kama hapendi basi tuache. Akauliza ni kitu gani. Tukakaa wote watatu kwenye mkeka wa mahindi, migongo ukutani, nyayo kwenye udongo.

"Ukipenda, mama, inua mabega hivi. Halafu yaachie."

Alifumba macho, akayainua, akayaachia. Mara ya pili pumzi ilimtoka na sauti, ndefu, kuku waliokuwa wakidonoa punje wakatawanyika. Akafumbua macho akautazama mlango wake, kisha akasema tusiondoke kabla hajatupikia.